Mlima Huu Ulizaliwaje? Hotuba kwa Watu wa Milimani, Kasese

Hotuba hii ilitolewa Kasese, magharibi mwa Uganda, katika mkusanyiko wa Siku ya Milima Duniani, mbele ya waongoza wageni, wapagazi, walimu wa jiografia na wakulima kutoka Rwenzori, Elgon na Kisoro, pamoja na ndugu waliovuka mpaka kutoka Kongo. Lugha ilikuwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sote. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wetu mnaoheshimika, walimu, waongoza wageni, ndugu wapagazi mnaobeba mizigo hadi kwenye barafu, akina mama na akina baba mnaolima miteremkoni, na nyinyi vijana wa shule mliosimama huko nyuma: hamjambo? Sogeeni mbele, nafasi ipo.

Mgeni akishachoka kupanda, hukaa juu ya jiwe, hunywa maji, kisha huuliza: huu mlima ulitoka wapi? Na jibu analopewa mara nyingi mno, hotelini, njiani, hata darasani, ni neno moja: volkano. Rwenzori volkano, Elgon volkano, Muhabura volkano. Kila kilicho kirefu, volkano.

Ndugu zangu, Rwenzori si volkano. Narudia, na walimu mnisikie vizuri: Rwenzori si volkano. Haujawahi kutema moto. Mkimpeleka mgeni hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, hatakanyaga popote zaha, ule uji wa mwamba unaomwagwa na volkano.

Mtasema, inatuhusu nini? Mlima ni mlima. Hapana. Kuzaliwa kwa mlima ndiko kunakoamua jiwe lake. Jiwe huamua udongo, udongo huamua shamba, na vyote hivyo pamoja huamua ni balaa gani litakaloshuka siku moja usiku. Mtu wa Kilembe, chini ya Rwenzori, na mtu wa Bududa, kule Elgon, wote ni watu wa milimani, lakini kinachomtishia huyu sicho kinachomtishia yule. Anayejenga Bundibugyo, miguuni mwa Rwenzori, akijilinda na moto wa volkano, huku tetemeko analipuuza, amejilinda na adui wa jirani.

Tuanze hapahapa tulipo, kwa Rwenzori, na hapa nitakaa kwa muda kidogo.

Mnaijua sabuni ya mche, ile ndefu ya kufulia. Ukifika nyumbani, mwombe mama kipande kimoja. Kikate mara mbili, lakini kisu kikiwa kimeinama, ili kipande cha katikati kiwe kipana juu na chembamba chini. Vishikilie vyote vitatu kwa viganja viwili, ukivibana. Sasa legeza viganja pole pole, vipande vya pembeni viachane kidogo. Nini kinatokea? Cha katikati kinashuka. Hilo ndilo Bonde la Ufa. Ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa, upande huu mashariki, upande ule magharibi. Inapasuka kwa nyufa zilizoinama, na sakafu ya katikati inazama. Ziwa Albert limekaa ndani ya kipande kilichozama. Bonde la Semliki, hivyo hivyo. Ziwa Edward na Ziwa George, hivyo hivyo.

Sasa geuza mambo. Kata ukiwa umeinamisha kisu upande wa pili, ili cha katikati kiwe chembamba juu na kipana chini. Legeza viganja. Safari hii vya pembeni ndivyo vinavyoteleza kushuka, na cha katikati kinabaki kimesimama. Rwenzori ni kipande hicho. Magharibi yake pamezama Semliki, mashariki na kusini pamezama mabonde ya George na Edward. Mlima umekatwa karibu pande zote, ukabaki umeungana na nchi ya mashariki kwenye pembe ya kaskazini-mashariki tu, kama jino lililolegea ambalo ufizi umelishika upande mmoja. Milima ya namna hii tunaiita milima ya tofali, kwa kuwa ni bonge zima la ardhi lililonyanyuka likiwa bonge. Usambara na Uluguru za Tanzania ni za ukoo huo pia.

Lakini mwenye akili ataniuliza: kubaki umesimama ni jambo moja, kupanda hadi mita 5,109 ni jingine. Ni kweli. Ganda la dunia linaelea juu ya tabaka la chini lenye joto jingi, linaloweza kujongea taratibu sana. Mtumbwi ukipakuliwa magunia ya samaki pale Katwe, hupanda majini wenyewe, hakuna anayeusukuma. Bonge la Rwenzori lilipokatwa na majirani zake likaachana na uzito wao, likaanza kuelea juu. Kisha mvua na barafu vikalichonga, vikabeba mawe hadi bondeni, na kila tani iliyobebwa ilikuwa ni gunia jingine lililotolewa mtumbwini. Mlima unachongwa, na kwa kuchongwa unapanda.

Piga hesabu mwenyewe. Milimita 1 kwa mwaka ni mita 1 kwa miaka 1,000, na mita 1,000 kwa miaka milioni 1. Kupanda kwa Rwenzori kulikotupa mlima tunaouona ni jambo la miaka milioni chache tu iliyopita. Lakini mawe yenyewe ya kule juu, yaitwayo naisi, mawe yaliyobadilishwa na joto na mbano wa chini ya ardhi, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Jiwe ni la babu wa babu, mlima ni wa mjukuu. Na upande wa pili, chini ya Semliki, mwamba uleule wa kale umezikwa chini ya kilomita kadhaa za mchanga na tope lililokuwa likishuka wakati wote huo. Matope hayo, upande wa Ziwa Albert, ndiyo yaliyotengeneza na kuhifadhi mafuta yaliyothibitishwa mwaka 2006. Urefu wa Rwenzori mnaouona kwa macho ni sehemu tu ya urefu wake. Nusu ya habari imezikwa.

Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipanda na msafara mkubwa, mizigo ikiwa mabegani mwa watu wa nchi hii. Tarehe 18 Juni wakafika kilele cha juu, wakakipa jina la malkia wao, Margherita. Katika msafara alikuwamo mpiga picha Vittorio Sella na mwanajiolojia Alessandro Roccati. Picha za Sella zinaonyesha barafu iliyojaa mabonde ya juu. Ilikuwa karibu kilomita za mraba 7. Leo haifiki kilomita ya mraba 1. Nawataja kwa sababu ya Roccati na nyundo yake. Swali la mlima ulizaliwaje halijibiwi kwa kutazama umbo kutoka barabarani. Hujibiwa kwa kuvunja jiwe na kulitazama ndani.

Hapa kuna pingamizi mbili ambazo mwongoza wageni lazima awe na jibu lake.

Ya kwanza: mbona maji ya chemchemi ya Sempaya yanachemka, mpaka mayai yanaiva? Si moto wa volkano huo? Hapana. Mvua ikinyesha juu ya mlima, maji mengine huzama kwenye ule ufa mkubwa. Chini ya ardhi joto huongezeka kadiri unavyoshuka, kwa kawaida kama nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita, na katika Bonde la Ufa zaidi ya hapo, maana ganda ni jembamba. Maji yakishuka kilomita kadhaa yakapata moto, hurudi juu kwa njia ya ufa uleule. Chemchemi ya Sempaya inakuonyesha ufa ulipopita.

Ya pili: na yale maziwa ya kasoko, mashimo ya duara yaliyojaa maji, ya Kasenda, karibu na Fort Portal, na kasoko za Katwe? Hizo, naam, ni volkano. Ziko chini, penye nyufa, miguuni mwa mlima. Mlima wenyewe haumo. Mwambie mgeni hivyo, wala usione haya kumwambia kwamba vitu viwili vyenye asili tofauti vinaweza kukaa ujirani.

Basi kama Rwenzori umezaliwa kwa kupasuka na kunyanyuka, balaa lake ni lipi? Tarehe 20 Machi 1966 ardhi ya Toro ilitikisika, tetemeko la kipimo kati ya 6.6 na 6.8. Zaidi ya watu 150 walikufa. Waliuawa na nini? Na kuta. Ufa wa ardhi haukummeza mtu. Kuta nzito za matope na matofali mabichi ziliwaangukia watu. Mwaka 1994 likaja jingine, kipimo cha 6.2. Na yatakuja mengine, kwa sababu kinachounyanyua mlima ndicho kinachotikisa nyumba. Huwezi kuwa na Rwenzori bila matetemeko ya Rwenzori.

Kwa hiyo, fundi aliyepo hapa anisikilize. Tetemeko halibonyezi nyumba kutoka juu, linaisukuma kwa ubavu, huku na huku. Ukuta ambao haujafungwa pamoja na wenzake hutoka kona kwanza. Weka mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha, bila kukatika, wenye nondo 4 za milimita 10 au 12, na ringi kila sentimita 15 hadi 20. Nondo za konani zikunjwe ziingie upande wa pili. Zikiishia konani tu, mkanda ni pambo. Dirisha lisiikaribie kona chini ya sentimita 60. Na ile pembetatu ya tofali juu ya ukuta wa ubavuni, inayofika kwenye paa, ndiyo huanguka kabla ya yote: ijenge kwa mbao na mabati. Ukikosa fedha ya mengine, usikose ya mkanda.

Balaa la pili la mlima huu ni mto. Mei 2013, Nyamwamba ulishuka Kilembe na mawe makubwa kuliko gari, ukabomoa nyumba, madaraja na hospitali. Naisi ni jiwe gumu. Halimeng'enyeki njiani, hufika chini likiwa bonge. Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umeunguza mimea ya juu, ile iliyokuwa ikishika maji kama sifongo, kwa hiyo mvua ilipokuja ilikuta mteremko uchi. Mpagazi anayezima vizuri kijinga cha moto kambini anawalinda watu wa Kilembe, ingawa hawamjui.

Sasa twende kwenye volkano zenyewe.

Watu hudhani chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto inayosubiri tundu. Haipo. Jiwe la kule chini lina joto la kutosha kuyeyuka, ila limebanwa na uzito ulio juu yake. Ganda likivutwa likawa jembamba, uzito unapungua, na jiwe linaanza kuyeyuka bila kuongezewa moto hata kidogo. Uji wake ni mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka, hivyo unapanda. Ndiyo maana volkano zetu zimejipanga kando ya Bonde la Ufa, Muhabura huku, Kilimanjaro kule.

Lakini uji si mmoja. Kuna uji wa mtama unaonywewa kikombeni, na kuna kalo, ugali wa ulezi, inayokatwa kwa mkono. Zaha yenye silika (madini ya mchanga na kioo) chache ni ya kikombeni: inamwagika, inakwenda mbali, hewa zake zinatoka bila taabu, na mlima wake huwa mpana wenye mteremko mpole. Zaha yenye silika nyingi ni kalo: haiendi, inajilundika, inazuia hewa ndani yake, na hewa iliyozuiwa mwishowe hupasua. Mlima wake ni mkali na mlipuko wake ni wa majivu. Mkiona umbo la volkano, mnaona mapishi yake.

Je, mtu amewahi kuuona mlima ukizaliwa? Ndiyo. Tarehe 20 Februari 1943, katika shamba la mahindi la Dionisio Pulido huko Mexico, ardhi ilipasuka ikaanza kutoa moshi na mawe. Kufika kesho yake, shambani palikuwa na kilima cha mita 50 hivi. Baada ya mwaka kilikuwa kimepita mita 300. Kikanyamaza mwaka 1952, kikiwa mita 424 juu ya shamba la zamani, na mlima huo, Paricutín, tangu hapo haujaamka. Rwenzori huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Volkano ndogo inaweza kukua mbele ya macho ya mtoto wa shule.

Ndugu zetu wa Goma hawahitaji kwenda Mexico. Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wao, una zaha nyepesi mno, kati ya nyepesi kuliko zote duniani. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa juu liliishia kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja, likashuka kwa mwendo wa gari, watu wasipate nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 zaha ilipita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ikatoka tena na kusimama karibu na mji. Angalieni: mara hizo zote hatari ilitoka ubavuni, kileleni moshi ukiwa uleule wa kila siku. Kwa hiyo anayekaa mbali na kilele lakini juu ya mstari wa nyufa yuko karibu kuliko anavyodhani.

Na kuna kitu ambacho watu wa huko wamekipa jina la Kiswahili, nanyi wa Kisoro mlijue: mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini kimya kimya. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, hivyo hulala kwenye mashimo na vibonde, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Mtu mzima aliyesimama hupita salama, mtoto au mbuzi anaanguka. Ukiona ndege na panya waliokufa bondeni, usishuke. Ukiona mtu ameanguka humo, usiiname kumwinua peke yako. Mvute kwa kamba kutoka juu. Waokoaji wawili watatu hufa juu ya mtu mmoja kwa sababu kila mmoja aliinama.

Upande wetu wa Uganda tunao Muhabura, mita 4,127, pia yenye mdomo mdogo wenye kiziwa kileleni, Gahinga katikati, na Sabinyo, ambao jina lake lataja meno, na meno hayo ni mabaki ya koni kongwe iliyoliwa na mvua. Mtu wa Kisoro akipanga vilele hivi vitatu kwa umbo tu, aliyesimama laini na aliyechakaa, tayari amesoma nani ni mkubwa kwa umri.

Volkano hizi zimefanya kazi nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Zimeziba mito. Ziwa Bunyonyi ni bonde la mto lililozibwa na zaha. Ziwa Kivu zamani lilitoa maji kaskazini, kuelekea huku Edward. Milima ya Virunga ilipoinuka ikafunga njia, maji yakapanda mpaka yakapata mlango kusini, Ruzizi, na leo yanakwenda Tanganyika. Mto mzima uligeuzwa. Na Katwe, mahali magma, ule uji wa mwamba ukiwa bado ardhini, ilipokutana na maji ya chini, ikawa kama tone la maji kwenye kikaango cha mpishi wa roleksi (chapati ya mayai): mlipuko wa mvuke, shimo, mlima hakuna. Shimo likajaa maji yasiyo na pa kutokea, jua likayakausha, na watu wakapata chumvi.

Nimefika Elgon, na ndugu zangu wa Mbale, Sironko na Bududa naomba mvumilie, maana kwenu lipo jambo zito.

Elgon ulianza kujengeka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, wakati Kilimanjaro haujafikisha hata milioni 3. Ni mzee kati ya wazee. Leo kilele chake cha juu, Wagagai, ni mita 4,321, lakini kitako cha mlima kina upana wa kilomita kama 80. Lile bakuli la juu, kilomita 8 kwa upana, halikutobolewa na mlipuko kama wengi wanavyofundisha. Chumba cha magma kilipomwaga kilichokuwamo, dari lake likakosa kitu cha kulishika, likaporomoka ndani. Ni paa lililoanguka.

Mwili wa Elgon umepangwa kama keki: tabaka la zaha ngumu, tabaka la majivu laini, tena zaha, tena majivu. Maporomoko ya Sipi yanaruka kwenye kingo za matabaka magumu, na mapango yako kwenye yale laini chini yake. Muda wa mamilioni ya miaka ya mvua umegeuza majivu na zaha kuwa udongo mnene, mwekundu, wenye rutuba inayolea kahawa na matoke. Udongo uleule, ndani yake, una mfinyanzi. Mvua inazama kwa urahisi juu, inafika kwenye mfinyanzi au mwamba usiopitisha maji, inasimama. Maji yaliyosimama yanaanza kuubeba udongo. Siku yakitosha, mteremko wote unashuka kwa pamoja.

Tarehe 1 Machi 2010, Nametsi, Bududa. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Mteremko ukashuka jioni ukazika kijiji. Zaidi ya watu 300 walihofiwa kufa, na wengi wao hawakupatikana hadi leo. Oktoba 2018, Bukalasi, mawe na matope yakashuka tena na mto.

Nini hukosewa? Kwanza, kukata mteremko ili kupata uwanja wa nyumba. Udongo wa chini ndio uliokuwa umeushikilia wa juu. Ukiuondoa, umeondoa nguzo. Pili, kujenga kwenye kikombe cha mlima, pale mteremko unapojikunja kama kiganja, kwa kuwa pana udongo mwingi na maji karibu. Pana udongo mwingi kwa sababu ulishashuka hapo zamani, na maji yote ya juu yanaelekea hapo. Tatu, na hili tunasema hata kama linaudhi: mitaro ya kuzamisha maji, inayosifiwa kila mahali kwa kuzuia mmomonyoko, kwenye mteremko mkali wa mfinyanzi huongeza maji pale yasipotakiwa. Mtaro wa hapo uwe na mwinamo mdogo, uongoze maji kando hadi mfereji wenye mawe au nyasi. Ushauri uliofaa Mbarara unaweza kuua Bududa.

Na dalili? Ufa mpya ardhini wenye umbo la mwezi mchanga, juu ya nyumba. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Miti na nguzo zinainama. Chemchemi inatokea mahali pakavu, au ya zamani inakauka ghafla. Na iliyo ya hatari kuliko zote: mvua inanyesha lakini mto umepungua. Maana yake umezibwa huko juu. Usiende kuutazama. Toka, panda ubavuni, mbali na njia ya mto, na upige kelele.

Milima ya kukunjamana nitaipitia haraka, maana kwetu ni mabaki. Sukuma mkeka kuelekea ukutani: unakunjika. Bara Hindi liliisukuma Asia kuanzia miaka milioni 50 hivi iliyopita, na mkunjo ni Himalaya; juu ya Everest, mita 8,849, kuna jiwe la chokaa lenye mabaki ya viumbe wa baharini. Afrika tunayo Atlas. Uganda? Vilima vya Kigezi na Ankole ni mashina ya mikunjo ya kale, zaidi ya miaka bilioni 1, iliyoliwa ikabaki mifupa. Hili lina kazi. Anayekata barabara au shamba huko atazame matabaka ya jiwe yameinamia wapi. Yakiinamia mlimani, ukingo utasimama. Yakiinamia barabarani, utateleza kila msimu wa mvua, hata ukijenga ukuta mara ngapi.

Na ipo milima ambayo haikuinuka kabisa. Majirani zake ndio walioshuka. Mwamba wa Tororo ni koo la volkano ya kale: mlima wenyewe umekwisha, kilichobaki ni kizibo. Na ni kizibo cha ajabu, cha jiwe la volkano lililo chokaa tupu, kabonatiti, ndiyo maana saruji hutengenezwa hapo. Duniani leo volkano hai inayotoa zaha ya ukoo huo ni moja, Ol Doinyo Lengai, Tanzania. Napak na Moroto za Karamoja nazo ni mabaki ya volkano. Vilima vya Kampala havina moto wala mkunjo: juu vina kofia ya murram iliyogeuka chuma, kofia ikakinga kilicho chini yake, mito ikala kisichokuwa na kofia.

Basi nimalizie kwa meza hii mliyoiona tangu asubuhi. Ina mawe 5, hayana majina. Moja lina michirizi, nyeupe na nyeusi, na ulanga unaong'aa ukiligeuza juani. Moja ni jeusi, zito, lenye vitundu vidogo, na huwezi kuona chembe zake kwa macho. Moja ni la majivu, ukilikwaruza kwa msumari linatoa unga. Moja hupasuka kwa vibamba kama kurasa. Na moja ni la kijivu. Likwangue upate unga, kamulia ndimu, usikilize kama linachemka. Ndimu ziko kwenye kikapu, msumari uko pembeni, nyundo ninayo mimi. Watu wa Mbale waanze na lile lenye michirizi, watu wa Kasese waanze na lenye vitundu. Kila mmoja aseme limetoka mlima gani, na amweleze mwenzake sababu. Karibuni.